Mwenzako wa Mikumi

Mimi nilikuwa sijui kama kabati lina jike na dume. Miaka yote hii ya kushona nguo za watu najua kifungo na tundu lake, najua zipu na meno yake, lakini kabati, haki ya Mungu, nilijua ni mbao na misumari, basi. Mpaka siku mume wangu aliposhusha boksi refu na bapa kutoka kwenye pikapu yake, akaliegemeza ukutani sebuleni kwetu hapa Kilosa, akasema, "Mama watoto, kabati lako hilo."

Nikalitazama boksi, nikamtazama na yeye. "Liko wapi?"

"Limo humo ndani."

"Limekunjwa?"

Alicheka mpaka akakohoa. Akanieleza kwamba ndiyo makabati ya siku hizi, yanatoka kiwandani vipande vipande, unayafunga mwenyewe nyumbani. Nikasema makubwa haya, mtu ananunua kabati halafu analitengeneza tena. Lakini nilikuwa nacheka na mimi.

Kabati hilo nilikuwa nimeliomba tangu watoto wetu hawajaanza shule, na sasa wako bweni. Mimi ninayeshona magauni ya harusi ya wenzangu, nguo zangu mwenyewe zilikuwa zinalala kwenye sanduku la bati na kwenye kamba ya chumbani. Na mwaka ule nilikuwa na sababu nyingine ya kufurahi, wacha niseme tu. Baba watoto ananunua mazao vijijini, mahindi na ufuta, leo kijiji cha Ulaya siku ya gulio, kesho Masanze, keshokutwa Kilangali. Kwa muda safari zake zilikuwa zimerefuka, na akirudi anakula kimya kama mgeni. Mwanamke akikaa mezani na mume aliyenyamaza, kichwa hakikosi cha kuwaza. Sasa mtu huyo huyo ameniletea kabati bila kukumbushwa! Nikajisemea, nimewaza ujinga, nina mume wangu bado.

Kesho yake nikamwita fundi seremala wa mtaani kwetu, mzee wa watu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akatandaza mbao zote kwenye mkeka. Zilikuwa nyeupe, zinateleza, na matundu madogo pembeni. Akachana pakiti mbili za vyuma, akamwaga, akapekuapekua kwa kidole, akavua miwani.

"Mama, hapa pana jambo. Haya ni madume matupu. Jike hamna hata moja."

"Fundi, unasema nini?"

Akanionyesha. Dume ni kiskrubu chembamba chenye kichwa, linafungwa kwenye ubao huu. Jike ni kidude cha duara, kifupi, kinazama kwenye tundu la ubao wa pili. Unalizungusha jike kwa bisibisi, linaking'ata kichwa cha dume, mbao mbili zinabana kama zimezaliwa pamoja. Na mimi nilikuwa nimepewa pakiti mbili, zote za madume. Nikamwambia mume wangu aliporudi. Akasema mwenye duka amekwenda Dar kuchukua mzigo, nisubiri, yeye atamalizana naye.

Kusubiri mimi siwezi. Nilitia dume moja kwenye pochi nikaanza kuzunguka maduka ya vifaa vya ujenzi, moja baada ya jingine, na kila niliposema natafuta jike la hili dume watu waliacha walichokuwa wanafanya. Muuza duka mmoja akaniambia, "Majike, mama? Nenda mnadani, wafugaji wameyaleta ya kutosha, na maziwa yanatoa." Duka zima likacheka. Nikamwambia mpuuzi mkubwa wewe, nikatoka, lakini nje na mimi nikacheka.

Kupata nilipata, tena ya aina aina. Kuna yaliyokuwa makubwa, hayaingii kwenye tundu. Kuna yaliyoingia yakazama mpaka chini yasishike kitu. Mama mmoja aliyekuwa na kabati lililoozeshwa na maji ya mvua alinichomolea yake kwa moyo mweupe, mengine yana kutu, na kwa macho ungesema ndiyo haya haya. Fundi akayatia, akazungusha, yakazunguka tu bila kung'ata. Mdomo wa jike ulikuwa mpana kuliko kichwa cha dume. Mimi fundi cherehani nilielewa upesi: kifungo kidogo, tundu kubwa, nguo itakuvuka mbele za watu. Fundi akachoka akasema tupige misumari. Akapiga mmoja. Kona ya ubao ikamomonyoka, ikamwaga pumba kwenye mkeka wangu! Nilipiga kelele jirani akaja mbio akidhani kuna nyoka.

Basi niliposikia mwenye duka amerudi, nilikwenda mwenyewe, sikumngoja mtu. Nikamkuta anapima misumari kwenye mzani, simu ameibana begani. Nikaweka pakiti mbili za madume mbele yake.

"Aa, mama, kumbe ni wewe," akasema. "Makabati ya hivyo yalikuja mawili tu. Moja ndilo lako, jingine la mwenzako wa Mikumi."

"La nani?"

"La mwenzako. Naye analalamika hivyo hivyo, kila siku ananipigia. Nilimwambia, mwenzako wa Kilosa naye analo, malizaneni. Si mzee wako ndiye aliyempelekea?"

"Mzee wangu?"

"Eeh. Alipakia yote mawili siku moja. Lako akaleta nyumbani, la mwenzako akampelekea Mikumi." Akarudi kwenye simu yake, akarudi tena kwangu. "Namba yake ninayo, nikupe?"

"Namba ya nini!" nikasema. "Nielekeze nyumba."

Jamani, neno hilo. Mwenzako anaambiwa mwanafunzi kuhusu mwanafunzi wa dawati moja, anaambiwa muuza nyanya kuhusu muuza nyanya wa meza ya pili. Na mwanamke mwenye mume akiambiwa mwenzako, tena wa mji mwingine, tena mume wake ndiye kampelekea kabati, anajua anaambiwa nini. Nilitoka pale siioni barabara. Makabati mawili, siku moja, pikapu moja! Angeninunulia peke yangu ningemshukuru. Kumbe mtu amegawa sawasawa, kama sheria inavyomtaka mwenye wake wawili.

Nyumbani sikusema kitu. Alikuja, akanawa, akala. Nilimtazama anavyomega ugali nikajiuliza, kule anamegewa na nani. Asubuhi akaniambia anakwenda Kilangali, nikamwambia na mimi natoka, natafuta spea za kabati. Akauliza wapi. Nikasema popote zilipo. Hakuuliza tena, akawasha gari.

Nilivaa gauni langu la kitambaa cha kitenge cha gharama, nikajipaka, nikajitazama kwenye kioo cha chumba cha cherehani. Siendi kugombana, nikajiambia. Nakwenda kumwona tu. Nataka nijue kama nina ndoa au nina nusu. Nikapanda gari la Mikumi, pochi mapajani na zile pakiti ndani. Tuliposimama Masanze nikanunua mkungu mdogo wa ndizi dirishani, kwa sababu kwa mtu huendi mikono mitupu hata kama unakwenda kwa shari. Ndivyo nilivyolelewa.

Mikumi nilishuka barabara kubwa, magari ya mizigo yanapita yanatikisa ardhi. Nikaulizia gereji aliyonielekeza mwenye duka, nyuma ya gereji nikaulizia geti la bluu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. La kwanza kabisa nilipanga nisimsalimie. Aanze yeye.

Akaanza yeye. Alitoka mwanamke mweupe wa wastani, mdogo wangu kwa miaka michache hivi, kanga mbili, mikono ina unga. Akanitazama usoni, akatazama ndizi, akatazama gauni. Kisha akapiga goti kidogo.

"Shikamoo dada."

Mama yangu! Maneno yote niliyopanga yakapotea. Ananiamkia! Ina maana ananijua, na anajua mimi ndiye bi mkubwa! Mdomo wangu ukasema marahaba wenyewe.

"Wewe ndiye wa Kilosa?" akauliza.

"Ndiyo mimi wa Kilosa."

"Nilijua siku moja utakuja," akasema. "Karibu ndani. Mimi sina ugomvi. Nilichotaka ni kuambiwa ukweli tu, maana kuchukuliwa mume kimya kimya kunauma."

Nikasimama mlangoni. "Nani kamchukulia mwenzie? Mimi nimeolewa kwa ndoa, nina watoto wawili bweni!"

"Na mimi nimeolewa kwa ndoa!"

"Lini?"

"Wewe lini?"

Tukawa tunapandishana. Akasema yeye alishangaa tangu mwanzo, mwanamume anapita Morogoro mjini kila wiki, maduka yamejaa makabati, iweje akanunue Kilosa? Ana nini Kilosa? Halafu muuza duka anamwambia, mwenzako wa Kilosa naye analo. "Hapo ndipo presha ilipopanda," akasema. "Nililala siku mbili." Nikamwambia mimi sikulala hata hiyo moja. Nikamwambia asinisimulie habari za Morogoro, mume wangu anashinda vijijini na mahindi, mjini anafuata nini?

"Mahindi gani?" akasema. "Mume wetu ni dereva."

"Dereva wa nini?"

Akanyoosha mkono wenye unga ukutani. Palikuwa na picha kubwa kwenye fremu, mwanamume amesimama mbele ya lori, amekunja mikono kifuani, mrefu, mweusi, ana ndevu. Nikasogea. Nikasogea tena. Mume wangu mfupi, ana kipara, ndevu hazimkai hata akizibembeleza.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Unaniuliza mimi mume wako ni nani?"

"Huyu mimi simjui! Haki ya Mungu naapa, sijawahi kumwona!"

Tukatazamana. Sijui nani aliyeanza kucheka. Nakumbuka nimekaa chini sakafuni na gauni langu la gharama, machozi yananitoka, na yeye ameshika ukuta, anasema jamani, jamani, jamani. Nilitoa simu nikamwonyesha picha ya mume wangu. Akapiga kofi. "Huyu? Huyu si yule aliyeshusha boksi! Hata maji hakunywa. Aliliacha hapo barazani, akasema kalipwa na mume wangu alilete, akageuza gari." Hakunywa hata maji! Kwangu hiyo ilikuwa habari tamu kuliko zote nilizopata mwaka mzima.

Akaenda chumbani akarudi na pakiti zake mbili. Tukazimwaga mkekani. Majike matupu, yanang'aa. Mtu kiwandani huko, au dukani, alichanganya pakiti, kila mmoja wetu akapata jinsia moja. Nikachukua dume langu, yeye akashika jike lake, tukajaribu kwa ncha ya kisu cha jikoni. Likang'ata. Tik. Wala halikucheza. Tukapiga vigelegele kama tuko harusini.

"Basi wewe utakuwa bi mkubwa," akasema akigawa, pakiti moja kwangu, moja kwake. "Una jike lako na dume lako, nenda kafunge nyumba."

"Na wewe bi mdogo utanifulia nguo za kuweka humo."

Akachemsha chai ya maziwa, akakaanga maandazi aliyokuwa anayakanda nilipofika. Tukamenya ndizi. Tulizungumza mpaka kila mtu akamjua mume wa mwenzie: wangu anavyokoroma, wake anavyorudi safari na kulala siku nzima. Miaka mingi sijacheka hivyo. Nikamwambia, mdogo wangu, tuwatanie hawa wanaume. Nimpigie wangu sasa hivi, nimwambie niko kwa mke mwenzangu, tusikie atakavyoruka.

"Mpigie!" akasema, macho yanawaka. "Weka spika. Ukimaliza wako, na mimi nampigia wangu. Atagongesha lori." Akaishika simu yake mkononi tayari.

Nikapiga. Iliita kidogo, akapokea, nyuma yake nasikia watu wanapakia magunia.

"Mama watoto."

"Baba watoto," nikasema, nimebana kicheko mpaka mbavu zinauma. "Nisamehe nimetoka bila kuaga vizuri. Niko kwa mwenzangu hapa, kanikaribisha, tunakunywa chai. Mbona hukuniambia kama ana nyumba nzuri hivi?"

Bi mdogo wangu akajiziba mdomo kwa kanga.

Nilidhani simu imekatika, nikaitazama, dakika zinahesabu. Halafu nikamsikia anasogea mbali na watu, sauti za magunia zinapungua. Alipozungumza tena alizungumza chini chini, sauti ambayo sijaisikia tangu siku alipofiwa na mama yake.

"Nani kakuonyesha Masanze?"

Nilikuwa bado na tabasamu usoni, nakumbuka hivyo, lilikuwa limebaki lenyewe.

"Mama watoto, nakuomba kwa Mungu," akasema. "Usifanye fujo hapo. Yeye hana kosa, kosa langu. Na mtoto anaumwa, usimpigie kelele mtoto. Nisubiri. Nakuja sasa hivi, nakuja kukueleza. Unanisikia?"

Mikumi nzima ilinyamaza. Najua si kweli, malori yalikuwa yanapita palepale nyuma ya nyumba, lakini mimi sikusikia hata moja. Nilisikia neno mtoto tu. Nikataka kusema siko Masanze, niko Mikumi, kuna kabati, kuna pakiti zilichanganywa, ilikuwa utani. Badala yake nikabonyeza nikakata.

Mwenzangu alikuwa ameondoa kanga mdomoni. "Masanze ni wapi?" akauliza polepole.

"Njiani," nikasema. "Nimepita asubuhi." Nikatazama maganda ya ndizi kwenye sahani. "Ndizi hizi za huko."

Hakusema pole. Ninamshukuru mpaka leo, maana angesema pole ningepasuka hapo hapo. Simu yangu ikaanza kuita, nikaiacha iite mpaka ikachoka, ikaita tena. Yeye alikuwa bado ameshika ya kwake, kidole kiko juu ya kioo, na jina la mumewe lilikuwa limeshatokea, nililiona. Alikuwa anamtazama yule mwanamume wa ukutani, na lori lake.

"Wako yuko wapi sasa hivi?" nikamuuliza, ili niseme kitu.

"Yuko njiani," akasema.

Nilijua anawaza nini kwa sababu alinieleza mwenyewe tukiwa tunagombana mlangoni: Morogoro maduka yamejaa, iweje mtu akanunue kabati Kilosa. Lile swali tulikuwa tumelicheka pamoja na mengine yote, lakini hakuna aliyekuwa amelijibu.

Kidole chake kilikaa pale muda mrefu. Kisha akaizima simu, akaiweka chini ya mto wa kochi, akainua birika akanimiminia chai nyingine.